Kaka yangu anaijua Yanga yote, ila hakumjua golikipa wa nyumbani kwake

Kaka yangu ni Yanga lialia. Duka lake la vipuri vya baiskeli hapa Nzega mjini, si mbali na stendi, limepakwa njano na kijani kuanzia mlango hadi kibao cha bei za tairi. Ukimwamsha usiku wa manane atakusimulia fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya mwaka 2023: tulifungwa 2-1 kwa Mkapa, tukashinda 1-0 kule Algiers, kombe likaenda kwa USM Alger kwa mabao ya ugenini. Anasema "tulifungwa" na "tulishinda" kana kwamba yeye ndiye aliyevaa viatu.

Mimi ni Simba, kwa hiyo nyumbani kwetu utani hauishi. Nikimkumbusha hiyo ya Algiers, naye ananikumbusha ya kwetu ya mwaka 2025 mbele ya RS Berkane. Tumekua hivyo na tutazeeka hivyo.

Lakini kuna swali moja la mpira ambalo hadi Desemba iliyopita kaka asingeweza kulijibu. Binti yake mwenyewe anacheza nafasi gani?

Hakujua. Wala haikuwa siri. Watoto wa mtaa mzima wanajua kwamba yule binti ni golikipa, na kwamba akiwa golini hata wavulana wanapata taabu kumfunga. Mama yake alijua. Mimi shangazi mtu nilijua. Baba peke yake ndiye hakujua.

Aliyemwuliza swali hilo ni shemeji yetu Mmarekani. Lilileta ubaridi nyumbani kwa siku mbili, kisha likaleta jambo jingine. Nimeona niwasimulie wazazi wenzangu, kwa ruhusa ya familia, na majina nimeyaacha makusudi.

JEZI YA NJANO

Mdogo wetu wa kike alikwenda kusoma uuguzi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, miaka mingi iliyopita. Akapata kazi, akapata mume, akapata watoto wawili. Krismasi iliyopita walikuja wote wanne. Walishuka na ndege Mwanza, wakaja kwa gari kupitia Shinyanga na Tinde, wakafika Nzega jioni mvua ikiwa imetoka kunyesha.

Shemeji akashuka kwenye gari amevaa jezi ya njano na nyeusi. Kaka alipoiona njano ile hakusubiri hata salamu.

"Huyu Mwananchi!" akapiga kelele. "Huyu wa kwetu kabisa!"

Mama yetu akamsogeza pembeni ili mgeni asalimiwe kwanza. Shemeji alikuwa amefundishwa na mkewe, akainama akasema, "Mwangaluka, mayu," wakati ni saa kumi na mbili jioni. Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Mama akaipokea vilevile.

Ile jezi ilikuwa ya Columbus Crew, timu ya mpira ya mji wao. Tulipokwisha kula wali kwa kuku, kaka akavuta kiti karibu na mgeni, na usiku ule wakaongea mpira hadi mama akazima taa ya uani. Mdogo wetu ndiye aliyekuwa mkalimani, na kila mara alilalamika kwamba wanaume hawa wawili hawamwachi apumue.

Shemeji alitueleza kwamba hakuzaliwa na mpira huu wetu. Kwao neno la Kiingereza tunalolitumia kwa mpira wa miguu lina maana ya mchezo mwingine, ule wa kuvaa helmeti na kubeba mpira mkononi. Huo ndio aliokua nao. Mpira wa miguu wanauita soka, na alipokuwa mdogo aliuona kama mchezo wa kuwachosha watoto wapate usingizi.

Alibadilika akiwa mtu mzima. Binti yake wa kwanza alipofika miaka sita aliandikishwa kwenye timu ya watoto ya mtaa wao. Timu ilikuwa na upungufu wa watu wazima wa kusaidia, mwalimu akaomba mzazi yeyote ajitokeze kupanga alama uwanjani na kubeba maji. Shemeji akajitokeza, akidhani ni kwa Jumamosi moja. Imekuwa miaka minane.

TIMU ILIYOTAKA KUHAMISHWA

Kutoka kwenye mechi za watoto akaanza kwenda na bintiye kuiangalia Columbus Crew. Klabu hiyo ni miongoni mwa zile zilizoanzisha ligi kuu ya Marekani iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, na mwaka 1999 ilifungua uwanja uliojengwa mahususi kwa ajili ya soka, wa kwanza wa aina yake katika ligi hiyo.

Kisha akatusimulia jambo ambalo kaka hadi leo analirudia dukani kwa kila mteja.

Oktoba 2017 ilitangazwa kwamba mmiliki wa timu anafikiria kuihamishia Austin, katika jimbo la Texas. Mbali kabisa na Ohio, kama mtu aichukue Yanga kutoka Jangwani akaipeleke nchi nyingine.

"Yaani mtu anaihamisha timu kama duka?" kaka akauliza.

"Kama duka," shemeji akajibu.

Marekani timu ni mali ya mwenye nayo, na kuhama kwa timu ni jambo linalotokea. Katika Ohio hiyo hiyo, miaka ya 1990, Cleveland Browns ya ule mchezo wa helmeti ilipelekwa Baltimore, na watu wazima walilia. Baada ya hapo jimbo likatunga sheria ya kuzibana timu zilizokula fedha za umma zisiondoke ovyo. Safari hii mashabiki wa Columbus waliamua hawatalia tu. Waliandamana kwa amani mbele ya ofisi za jiji, wakaandika barua, wakatafuta wafanyabiashara wa kuinunua timu, na serikali ya jimbo ikafungua kesi kwa kutumia sheria hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2018 wakapatikana wamiliki wapya na timu ikabaki. Mwaka 2020 ikachukua ubingwa, mwaka 2021 ikahamia uwanja mpya mjini hapo hapo, mwaka 2023 ikachukua ubingwa tena.

Shemeji na binti yake walikuwa kwenye yale maandamano. Binti alikuwa na miaka sita, amebebwa mabegani.

Sisi watu wa mkoa wa Tabora jambo la timu kuhamahama si geni. Tumekuwa na Milambo, tumekuwa na Rhino Rangers iliyocheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14 ikashuka. Kisha ikaja Kitayosce, yenye chimbuko lake Kilimanjaro, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2023 na kuwa Tabora United, na msimu huu inaitwa TRA United. Hiyo Tabora United ndiyo iliyoifunga Yanga 3-1 pale Chamazi Novemba 7, 2024. Niliposimulia hilo mbele ya mgeni, kaka akasema usiku umeenda sana, watu wakalale.

Baba yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa amekaa kimya muda wote. Akamweleza mkwewe kwamba babu zetu wa Kinyamwezi walikuwa wapagazi wa misafara. Walibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo, wakirudi na vitambaa vilivyotoka viwanda vya Marekani, ndiyo maana kitambaa kile kikaitwa merikani. Na utani kati ya Wanyamwezi na Wazaramo ulikomaa katika njia hiyo hiyo, wageni na wenyeji wakitaniana ili wasipigane.

"Kwa hiyo mkwe wangu," akasema, "merikani tulikwisha kuibeba zamani. Safari hii imekuja kwa miguu yake yenyewe. Karibu kwenye utani."

SWALI

Desemba 30 Taifa Stars walicheza na Tunisia huko Morocco. Kaka akampeleka shemeji kibanda umiza. Mia tano mlangoni, benchi la mbao, watu mia moja mahali pa watu arobaini. Shemeji alirudi sauti imekauka. Sare ya 1-1 ilikuwa imetosha kuivusha Stars kutoka hatua ya makundi ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia, na nyumbani palikuwa na shangwe kama harusi.

Katikati ya furaha hiyo yule binti wa kaka akaja na beseni na jagi, akawanawisha mikono wageni. Shemeji akamtazama, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Na wewe? Wewe cheza mpira?"

Binti akainama. "Ndiyo, anko."

"Nafasi gani?"

Binti hakujibu. Shemeji, bila nia mbaya, akamgeukia kaka. "Shemeji, anacheza nafasi gani?"

Kaka akafungua mdomo, akaufunga. Kisha binti akasema kwa sauti ndogo, akilitazama beseni, "Mimi ni golikipa, anko. Mwaka huu nilichaguliwa timu ya kata ya UMITASHUMTA. Baba alikataa."

Mzazi mwenzangu, kama umewahi kuona nyumba yenye kelele ikinyamaza ghafla, unajua ilivyokuwa. Wifi yangu akaingia jikoni. Kaka akanawa mikono mara ya pili.

"Shemeji," akasema, "huku si Marekani."

Wala sitaki kumfanya kaka aonekane baba mbaya. Nilizungumza naye baadaye, na sababu zake zilikuwa sababu ambazo wengi wetu tunazo. Timu ikichaguliwa watoto wanakwenda kambini, wanalala mbali na nyumbani, nani anawalinda? Mtoto wa kike akirudi saa moja jioni, majirani wanasema nini? Mwaka unaofuata ni darasa la saba, mtihani unamsubiri. Na kazi za nyumbani je?

Hizo hofu si za kudharauliwa. Nzega iko kwenye njia panda ya barabara kubwa, malori na mabasi ya Mwanza, Tabora na Dar es Salaam yanapita usiku na mchana, na sisi tuliolea mabinti hapa tunajua kwa nini tunawahesabu kila giza linapoingia.

Lakini wifi alinieleza jambo lililoniuma zaidi. Siku ile kaka alipokataa, binti hakubishana. Aliuliza kitu kimoja tu: "Baba, ungekuja kuniona kwanza?" Kaka alikuwa anawahi kibandani. Yanga walikuwa wanacheza.

SHEMEJI ALICHOSEMA

Kwa siku mbili wanaume wale waliongea kuhusu mvua na bei ya mchele. Siku ya tatu walikuwa wamekaa chini ya mwembe wakila michembe na karanga, wakitazama watoto wa mtaa wakicheza chandimu. Mpira wa mifuko na kamba, magoli ya matofali mawili, kona tatu penalti. Shemeji alikuwa anashangaa. Hakuna refa, hakuna mzazi anayepiga kelele, hakuna aliyelipa hata senti.

Akasema kwao mambo si hivyo. Mtoto mwenye kipaji anaingizwa kwenye klabu za kulipia, na ada, jezi na safari ni gharama kubwa kiasi kwamba watoto wa wazazi wenye kipato kidogo wanaachwa nje. Wapo wazazi wanaomtukana refa ambaye mwenyewe ni kijana wa shule. Wapo watoto wanaoacha mchezo wakiwa wadogo kwa sababu baba ameugeuza kazi. "Ninyi mnacho kitu ambacho sisi tunakinunua," alisema.

Kisha akasema la kwake. Nilikuwepo, nililisikia kwa tafsiri ya mdogo wangu, na nilimwona mdogo wangu akisita kabla ya kulitafsiri.

"Baba yangu alikuwa shabiki mkubwa wa Browns. Alijua majina ya wachezaji wote, uzito wao, walikosoma. Mimi nilicheza shuleni miaka minne. Hakujua jina la mwalimu wangu wa mchezo. Alifariki bila kuniona nikicheza hata mara moja. Sikuwa mchezaji mzuri. Nilitaka tu aone."

Kaka hakujibu. Alichukua michembe akatafuna. Baada ya muda mrefu akauliza, "Binti yako akifungwa, ukiwa mnarudi nyumbani unamwambia nini?"

Shemeji akasema kwa miaka miwili ya kwanza alikuwa anamweleza makosa yake yote, hadi siku moja mtoto akaomba kurudi na gari la mwenzake. Tangu hapo ana sentensi moja tu, wakishinda au wakifungwa: nimefurahi kukuona ukicheza. Makosa anamwachia mwalimu.

KWA NINI MABINTI WAO WALIFIKA MBALI

Wengi tunadhani Marekani walizaliwa mabingwa wa soka la wanawake. Sivyo. Mwaka 1972 ilipitishwa sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu yao. Shule zikalazimika kuwapa wasichana nafasi michezoni kama wavulana. Hiyo ndiyo mbegu. Kombe la kwanza la Dunia la wanawake mwaka 1991 walichukua wao, wakarudia 1999, 2015 na 2019. Fainali ya 1999 pale Pasadena, California, ilitazamwa uwanjani na watu zaidi ya 90,000.

Na sisi je? Mwaka 2022 Serengeti Girls, mabinti wa chini ya miaka 17, walikwenda Kombe la Dunia India. Walifungwa na Japan, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Mwaka huo huo Simba Queens walimaliza nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake. Twiga Stars walicheza fainali za Afrika mwaka 2010, wakarudi tena Morocco mwaka 2025. Clara Luvanga amefika Al-Nassr ya Saudi Arabia na anaishi kwa mpira. Na mashindano ya shule za msingi na sekondari kitaifa, UMITASHUMTA na UMISSETA, yaliletwa hapa hapa mkoani kwetu Tabora mwaka 2022.

Simwambii mzazi yeyote kwamba binti yake atafika Saudi Arabia. Wengi hawatafika, kama wavulana wengi wasivyofika alikofika Mbwana Samatta. Ninachosema ni kwamba kila mmoja wa mabinti hao alianza kwenye uwanja wa vumbi, na siku fulani mtu mzima wa nyumbani kwake alisema nenda.

MASHARTI YA WIFI

Wageni waliondoka Januari. Yule Mmarekani hakumlazimisha kaka lolote, na aliyefanya kazi iliyobaki ni wifi yangu. Alikaa na mumewe wakaandika masharti kwenye daftari la duka.

Binti atafanya mazoezi siku mbili kwa wiki, na nyumbani atafika kabla ya saa kumi na mbili. Mwalimu wa kike awepo, na namba yake ya simu iwe kwa mama na kwa baba. Kazi za shule kwanza. Kaka yake wa kiume atachota maji siku za mazoezi, na hapo kijana alinuna wiki nzima. Ikitokea kambi, mzazi mmoja ataongea na shule ajue watoto wanalala wapi na nani analala nao. Na sharti la mwisho, ambalo wifi aliliandika kwa kalamu nyekundu: baba ataenda kuangalia.

Naona daftari hilo lina maana kuliko hotuba nyingi. Hofu ya mzazi haiondolewi kwa kuambiwa usiogope. Inaondolewa kwa kujua nani yuko na mtoto, wapi, na anarudi saa ngapi.

KOMBE LA DUNIA LINAKUJA, TUJIPANGE

Kabla sijamaliza, mzazi mwenzangu, kuna jambo la karibu. Juni 11 hadi Julai 19 mwaka huu Kombe la Dunia linachezwa Marekani, Kanada na Mexico. Ni timu 48 na mechi 104, wingi ambao haujawahi kutokea. Kwa saa zetu, mechi ya ufunguzi kati ya Mexico na Afrika Kusini ni saa nne usiku, na fainali ni saa nne usiku vilevile. Nyingine nyingi zitaangukia usiku wa manane hadi alfajiri.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Mechi ya saa nne inaisha saa sita. Kaeni na watoto sasa, chagueni pamoja mechi chache za kuangalia, na zilizobaki waangalie mabao asubuhi. Mtoto aliyeshirikishwa kuchagua hatoroki dirishani.

La pili ni mikeka. Kubeti kwa mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa kisheria, lakini simu ya baba haiulizi umri wa kidole kinachoibonyeza. Badilisha namba ya siri, na usimtume mtoto akusomee mkeka wako. Baba anayepandwa na hasira kwa sababu timu moja imemchania mkeka anamfundisha mwanawe kwamba mpira ni fedha iliyopotea.

La tatu, ukitoka kibandani umefungwa, acha kufungwa huko huko. Mke na watoto hawakuwa uwanjani.

MWEMBE WA SHULE

Aprili hii shule ya binti ilicheza na shule jirani kutafuta timu ya kata. Ilikuwa Jumamosi, siku ya biashara. Kaka akafunga duka saa nne asubuhi. Wapiga soga wa pale stendi wakadhani amefiwa.

Alikuja na baiskeli, amevaa jezi ya Yanga, akasimama chini ya mwembe nyuma ya goli. Dakika za mwanzo alipiga kelele kama yuko kibandani: toka, ruka, mwambie beki arudi! Binti alikuwa anamtazama baba badala ya mpira, na bao la kwanza liliingia hivyo. Mwalimu akamfuata kaka kwa heshima zote, akamwomba apunguze sauti. Nilijiandaa kwa ugomvi. Kaka akasema, "Samahani mwalimu," akakaa juu ya mzizi wa mwembe, na kuanzia hapo hakutoa neno. Alikuwa anang'oa nyasi.

Kipindi cha pili binti aliokoa penalti, akaruka kushoto akaipangua kwa vidole, vumbi likatimka. Kaka alisimama, akashika kichwa, akakaa tena. Dakika za mwisho likaingia bao la pili. Wakafungwa 2-0.

Walipokuwa wanaondoka, binti akiwa nyuma kwenye kerea, niliwafuata kwa hatua chache. Nilitaka kujua kama ataisema ile sentensi ya shemeji. Hakuisema. Kaka si mtu wa maneno hayo. Alisema, "Umejikwaruza kiwiko. Shika vizuri, kuna mashimo." Mbele kidogo akasimama akanunua miwa, wakaila wote wawili barabarani, kila mmoja na kipande chake.

Binti alichukuliwa timu ya kata. Ngazi ya wilaya aliachwa, alipatikana golikipa mrefu zaidi. Alilia usiku mmoja, kesho yake akarudi kwenye vitabu, na mtihani wa Septemba ndio mechi yake iliyobaki mwaka huu. Jumamosi anaendelea na chandimu.

Jioni ile ya mechi nilipita dukani kununua vali ya baiskeli. Kaka alikuwa ameshika simu mdomoni, anamrekodia shemeji yake wa Ohio ujumbe wa sauti, taratibu, kwa Kiswahili cha kunyoosha ili mdogo wetu asipate taabu ya kutafsiri.

"Shemeji, habari za huko. Leo nilikwenda uwanjani. Tumefungwa mbili. Lakini tumeokoa penalti, shemeji. Penalti! Ungeiona."